Zimwi Ndani ya Sanduku

Mwaka 1931, kampuni ya Universal ilipotoa filamu ya Frankenstein huko Marekani, mahali pa jina la mwigizaji wa zimwi, mwanzoni mwa filamu, palitiwa alama ya kuuliza tu, kana kwamba watazamaji hawakutakiwa kujua ya kuwa aliyemo ndani ya umbo lile ni mja mwenye jina lake, Boris Karloff, ambaye fundi Jack Pierce alimkalisha saa nyingi akimbandika paji la uso refu na kope nzito. Leo zimwi hilo huuzwa na kampuni ya Funko kwa sura ya kisanamu cha vinili, urefu wake sentimita kumi hivi, kichwa kikiushinda mwili wote kwa ukubwa, macho meusi ya duara yasiyotazama popote, nalo limetiwa katika sanduku la karatasi ngumu lenye kidirisha cha plastiki.

Nini hukumu ya kitu hiki? Sisi Waislamu tumefunzwa katika hadithi mashuhuri kwamba mwenye kufanya taswira ya chenye roho ataamrishwa Siku ya Kiyama akipulizie roho, wala hataweza. Victor Frankenstein, kijana wa Geneva katika kitabu alichokitoa Mary Shelley mwaka 1818, aliliweza hilo (kwa ubunifu wa mwandishi, bila shaka), lakini usiku ule ule kiumbe kilipofumbua jicho alikikimbia, asikipe hata jina. Na walipokutana tena juu ya barafu ya milima ya Alps, kiumbe kilimdai muumba wake haki zake kwa hoja ambazo mimi sijaona bado zilivyojibiwa. Kwangu mimi, kosa la kijana yule ni kukimbia zaidi kuliko kuthubutu.

Tena imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa, naye Mtume akacheka alipoelezwa habari zake. Na kwa ajili hiyo wanazuoni wengi wameruhusu vichezeo vya watoto. Naona ruhusa hiyo ina siri yake: mtoto hamkimbii mwanasesere wake, bali humvisha, humlaza, humgombeza na kumbembeleza. Hata wale wavulana wa Marekani walionunua zimwi la plastiki la kampuni ya Aurora, lililotoka mwaka 1961 likiwa vipande vipande, walikuwa na kazi ya kuligandisha kwa gundi na kulipaka rangi kwa mikono yao.

Mkusanyaji wa leo, aghalabu, hafungui sanduku. Pembe ikibonyea thamani hushuka, kwa hiyo hununua kasha jingine la plastiki ngumu la kulihifadhi sanduku, hata ikawa kinacholindwa ni karatasi, na zimwi limo humo halimtishi mtu wala halichezewi na mtu. Sisemi kwamba analiabudu. Mwenye kuabudu angalau husema na anachokiabudu. Huyu ameweka mali, na ruhusa ya wanasesere, kwa rai yangu, haimfikii.

Basi ewe msomaji, ikiwa unalo zimwi la namna hiyo rafuni, lichane sanduku lake leo, umpe mtoto alichezee mpaka livunjike.