Hukumu ya Kufungua Maduka katika Sikukuu za Dini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa mambo wanayoyauliza sana Waislamu wanaokaa ugenini ni hili: je, ni haki maduka yafungwe kwa amri ya serikali katika siku zinazotukuzwa na watu wa dini moja tu? Na Mwislamu mwenye duka, au aliyeajiriwa dukani, afanye nini siku hiyo? Suala hili limejitokeza wazi katika mji wa Sydney nchini Australia, ambako Waislamu ni wengi, na miongoni mwao wamo wenye asili ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mji huo ndio utakaochukuliwa kuwa mfano.

Sheria ilivyo katika mji huo

Sydney ni mji mkuu wa jimbo la New South Wales. Sheria ya Biashara ya Rejareja ya jimbo hilo, ya mwaka 2008, inaamrisha maduka yafungwe Ijumaa Kuu, Jumapili ya Pasaka, siku ya Krismasi na siku inayoifuata. Imeongezwa pia tarehe 25 Aprili, siku ya Anzac, ambayo si ya dini bali ni ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Zamani siku hiyo maduka yalifunguliwa kuanzia saa saba mchana, na tangu mwaka 2025 hufungwa siku nzima. Hata hivyo, sheria haikufunga kila mlango. Maduka madogo yenye wafanyakazi wachache, maduka ya dawa, ya matunda na mboga, mikahawa na vituo vya mafuta yameachiwa.

Ama siku inayofuata Krismasi, mwaka 2015 maduka ya jimbo zima yaliruhusiwa kufunguliwa kwa majaribio ya miaka miwili, na mwaka 2017 ruhusa hiyo ikathibitishwa. Lakini iliwekwa sharti: asifanye kazi dukani siku hiyo ila yule aliyechagua mwenyewe kwa hiari yake, bila ya kulazimishwa wala kutishwa. Sharti hili ndilo kiini cha maneno yote yatakayofuata.

Je, siku yenyewe inaharamisha biashara?

Asili ya biashara ni halali, na hakiharamishwi kitu ila kwa dalili. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Ijumaa kwamba ukinadiwa wito wa Sala watu waiwache biashara na waende kumtaja Yeye, kisha Sala ikimalizika watawanyike katika ardhi na watafute fadhila zake. Basi katazo ni la saa, si la siku. Ijumaa ya Waislamu si kama Sabato ya Mayahudi.

Vile vile masahaba waliona uzito kufanya biashara katika msimu wa Hija, kwenye masoko ya Ukadhi, Majanna na Dhul-Majazi, ambayo yalikuwa masoko ya wakati wa ujahili. Ikateremka Aya katika Sura ya Al-Baqara kuwaondolea uzito huo. Na katika siku ya Idi kilichoharamishwa ni kufunga, wala haikuja dalili ya kuharamisha kuuza na kununua. Ikiwa hali ni hiyo katika siku zetu tukufu, basi siku ya watu wengine haiwezi kumharamishia Mwislamu biashara yake kwa upande wa dini yake.

Je, serikali ina haki ya kufunga?

Huenda mtu akasema: "Ikiwa muuzaji ameridhia na mnunuzi ameridhia, na dini yangu hainikatazi, kwa nini nifungiwe mlango kwa ajili ya ibada isiyokuwa yangu?"

Jawabu ni kwamba halali si wajibu. Jambo la mubaha mwenye mamlaka anaweza kulizuia kwa ajili ya maslaha ya watu, na Mwislamu aliyeingia katika nchi kwa kibali au kwa uraia ameingia kwa ahadi. Kutimiza ahadi ni faradhi, na Sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri hiyo. Wala kufunga duka Ijumaa Kuu si kukiri itikadi ya wenye siku hiyo, kwani ibada haiwi ibada ila kwa nia. Anayekaa nyumbani kwake kwa kuwa duka limefungwa hajaabudu chochote.

Lakini ipo tofauti kati ya sheria inayowalazimisha watu kuitukuza siku ya dini fulani, na sheria inayowapa wafanyakazi siku ya kupumzika. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilikutana na tofauti hiyo. Mwaka 1985 iliibatilisha sheria ya Jumapili kwa kuwa makusudio yake yalikuwa ni kuilazimisha dini. Na mwaka 1986 ikaikubali sheria ya jimbo la Ontario iliyofunga maduka siku hiyo hiyo, kwa kuwa makusudio yake yalikuwa ni mapumziko ya wafanyakazi. Mlango uliofungwa ni ule ule, lakini sababu mbalimbali. Na huu ndio msingi unaojulikana kwa wanavyuoni wetu, kwamba mambo hutazamwa kwa makusudio yake.

Hiari ya mnyonge

Basi swali la kweli si la mlango wa duka, bali ni la aliyesimama nyuma ya meza. Mwenyezi Mungu ameifanya ridhaa kuwa ni sharti ya biashara, na mauzo ya mtu aliyelazimishwa hayafungamani. Na kuajiri ni kuuza manufaa ya mwili na wakati, basi nako kunahitaji ridhaa.

Kadhi anapoletewa mtu anayesema "nimeridhia", hatosheki na ulimi peke yake. Huuliza: lau angekataa, lingemfika jambo gani? Ikiwa jawabu ni kwamba asingefikwa na lolote, basi hiyo ni hiari. Na ikiwa jawabu ni kwamba mwezi unaofuata angepunguziwa siku za kazi, au angeitwa mvivu mbele ya wenzake, basi ulimi umeridhia na moyo umekataa. Na wafanyakazi wengi wa maduka hawana saa za kazi zilizothibiti. Huitwa wanapohitajiwa, na asiyeitwa hana kauli.

Sheria ya Australia nayo imelitambua hilo. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2009, mwajiri anaweza kumwomba mtu afanye kazi siku ya sikukuu ya taifa ikiwa ombi lenyewe ni la maana, na mwajiriwa anaweza kukataa akiwa na sababu ya maana. Mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho ilihukumu, katika kesi ya wachimba makaa waliofanyishwa kazi Krismasi ya mwaka 2019, kwamba mwajiri lazima aombe, si aamrishe. Na mfanyakazi wa kudumu wa duka akifanya kazi sikukuu hulipwa mara mbili na robo ya ujira wake. Hata hivyo, malipo makubwa hayaigeuzi shuruti ikawa hiari.

Je, Waislamu wadai maduka yafungwe siku ya Idi?

Idi si sikukuu ya serikali katika New South Wales, ingawa katika visiwa vya Christmas na Cocos, vilivyo chini ya Australia na vyenye Wamalay Waislamu, ni sikukuu ya serikali. Wapo wanaosema kwamba uadilifu ni Sydney nayo iyafunge maduka yake siku ya Idi.

Dai hilo halina msingi katika dini, kwani imekwisha tajwa kwamba Idi haiharamishi biashara. Wenyewe Waislamu wa mtaa wa Lakemba hufungua vibanda vya chakula katika Haldon Street usiku wa Ramadhani, na watu wa Oman huenda soko la habta siku chache kabla ya Idi. Kilicho haki yao kukidai ni ruhusa: Mwislamu aende kusali Idi na akae na jamaa zake bila ya kupoteza kazi. Na juu yake ni kumwarifu mwajiri mapema, na kumwambia wazi kwamba mwandamo unaweza kuleta tofauti ya siku moja.

Maimamu wetu wa mwanzo walikuwa Basra chini ya utawala usiokuwa wao. Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima alijulikana kwa kusuka makapu, na huku akisomesha. Dini yao ilisimama, na masoko ya Basra yalibaki wazi.

Mizani kwa aliye nyumbani

Baada ya haya, inafaa mwenye kusoma akiwa Maskati, Dubai au Doha aipindue mizani upande wake. Sydney Mwislamu ndiye mgeni anayeomba siku yake. Lakini katika nyumba nyingi za Ghuba mgeni ni mpishi au yaya kutoka Ufilipino, Kerala au Uhabeshi. Krismasi ya wengi ni tarehe 25 Disemba, na ya Wahabeshi ni tarehe 7 Januari. Je, ameulizwa hata mara moja kama anataka saa chache za siku hiyo? Na yule Mwislamu aliyeajiriwa dukani au jikoni, ambaye asubuhi ya Idi anapakua nyama ilhali wenye nyumba wanatoka kwenda msikitini, je, yeye ana Idi au hana?

Mtume (S.A.W.) alifahamisha kwamba kila kaumu ina sikukuu yake. Na amefundisha kwamba haikamiliki imani ya mtu mpaka ampendelee mwenziwe anachojipendelea nafsi yake. Anayemlaumu mwenye duka wa Sydney kwa kumnyima Mwislamu Idi, kisha akamnyima mtumishi wake siku yake, amepima kwa vipimo viwili, na Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wapunguzao katika vipimo.

Muhtasari wa hukumu ni huu. Kwanza, biashara katika sikukuu yoyote asili yake ni halali, isipokuwa wakati wa wito wa Sala ya Ijumaa. Pili, serikali ikifunga maduka ili watu wapumzike, hutiiwa, na kuivunja amri hiyo kwa siri ni kuvunja ahadi. Tatu, duka likifunguliwa, asifanyishwe kazi mtu ila kwa ridhaa ya kweli, nayo ni ile ambayo mtu akiikataa haimdhuru. Nne, haki anayoiomba Mwislamu ugenini anawajibika kuitoa nyumbani kwake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake Yeye ndiko kutafutwako tawfiki.