Safari ya Wawili au ya Mmoja?

Wapenzi wanandoa, katika semina zetu huulizwa sana maswali ya fedha, ya wakwe na ya pombe. Swali la starehe huulizwa kwa nadra, kana kwamba starehe haiwezi kuleta baridi nyumbani. Hebu leo tutazame starehe moja iliyo njema kabisa: safari za mume na mke kwenda kuona na kupiga picha wanyama na ndege.

Nchi yetu imejaliwa. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iko mlangoni pa jiji. Wala si lazima kulipa kiingilio kila mara. Bwawa la Manguo, Limuru, laonekana kutoka barabarani, na katika majani ya malisho ya Kinangop huishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani. Basi anayesema hawezi kwenda kwa sababu ya karo ya watoto, pengine hajatafuta vizuri. Lakini anayenunua lenzi mpya kabla ya karo hiyo kulipwa, huyo tutaonana naye siku nyingine.

Neno langu la leo ni hili. Chukua mume apendaye ndege na mke asiyewapenda sana. Mke huamka saa kumi alfajiri, hupika chapati, hujaza thamosi, ili wawe langoni saa kumi na mbili linapofunguliwa. Kisha hukaa garini saa tatu bila kusema, maana akisema ndege wataruka. Jioni bwana hurudi na picha mia tatu, na mama watoto hayumo hata katika moja. (Ziko nyumba ambamo mke ndiye mwenye kamera na mume ndiye dereva, mizani ni ile ile.) Je, hiyo ilikuwa safari ya wawili?

Wako watakaojibu upesi kwamba ndoa ni sadaka, basi mama avumilie. Ni kweli ndoa ni sadaka. Hata hivyo sadaka hutolewa na mwenye nayo. Haidaiwi kama kodi ya nyumba. Naye anayefaidika na uvumilivu wa mwenzake ndiye wa mwisho kustahili kuuhubiri.

Wengine watasema, basi kila mtu ashike njia yake: bwana aende na rafiki zake, bibi abaki. Hilo si kosa, na mara nyingine huleta amani. Ila lina hasara ambayo haionekani mara moja. Mfikirie hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa tunayemwona Baringo, Samburu na Tsavo. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi hadi ubaki ufa mwembamba. Humo ndani huatamia mayai, na dume huleta chakula na kumpitishia kwenye ufa huo, siku baada ya siku, kwa majuma mengi. Bwana mwenye kamera atampiga picha dume, kwa sababu ndiye anayeonekana. Lakini mke aliyewahi kukaa ndani na mtoto mchanga, akisikiliza kama mlango utabishwa, atautazama ufa. Ataona ncha ya mdomo ikitokeza. Mtaalamu hakuiona, na asingeambiwa asingejua kamwe. Kwa hiyo mwenzi haendi safari ili naye ageuzwe mpenzi wa ndege. Anakwenda na macho yake, naye mwenye kamera anayahitaji, mradi amruhusu kusema.

Kuna upande mwingine. Wawili wakipatana, wanaweza kupatana hata katika kumdhulumu wa tatu. "Sogea kidogo tu, mpenzi," asema mmoja, na mwenzake kwa kutaka kumridhisha huacha barabara na kumkaribia duma. Duma huwinda mchana, na magari humharibia. Utafiti uliofanywa Maasai Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba palipojaa watalii, majike walilea kwa wastani chini ya mtoto mmoja kwa kila uzao. Penye watalii wachache walilea zaidi ya wawili. Hali kadhalika wako wanaofungulia simu sauti ya ndege iliyorekodiwa ili dume atokeze apigwe picha. Yule dume hudhani mgeni amekuja kumnyang'anya makao, huacha kazi yake ya kulisha, na hufukuza adui ambaye hayuko. Mwanandoa anayejua uchungu wa kushuku bure angefaa kumwonea huruma. Hapo mke akisema "tusiende karibu zaidi," hajaharibu safari ya mumewe.

Basi kabla ya safari ijayo, mwachie mwenzako achague njia, pa kusimama na saa ya kurudi. Akisema angependa Jumamosi hii alale tu nyumbani, usinune. Muulize amekuwa akitaka kusema hivyo tangu safari ya ngapi.