Utafiti wa figo nao ni faradhi kifaya

MTU wa Same akiugua figo, Waislamu tunaujua wajibu wetu: kumzuru, kumwombea dua, kumchangia nauli ya kwenda KCMC, Moshi. Hayo ni mema. Lakini ni nani atakayeuliza figo zake zimeharibiwa na nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima 7 katika kila 100 Moshi: mjini 15, vijijini 2. Hesabu hiyo haimjibu mtu wa Gonja au Mbaga, huko Milima ya Upare. Maji yake ni mengine, na kazi yake ni nyingine.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, aliihesabu tiba kuwa faradhi kifaya: asipopatikana wa kuisimamia, mji mzima unabeba dhambi. Aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye fiqhi, utabibu wakawaachia wengine.

Basi kijana wetu aliye shahada ya kwanza asingoje mpaka awe daktari bingwa. Afundishwe sasa kupima mkojo na damu, kuhesabu, na kuandika ukweli. Misikiti imchangie kama inavyomchangia mgonjwa. Nauli humfikisha mmoja hospitali. Elimu yaweza kuwaepusha wengi na safari hiyo.

Wallahu a'lam.