Ushindi wa Njaa

Oktoba 1810 jeshi la Masséna lilifika mbele ya ngome za Torres Vedras, kaskazini mwa Lisbon, likakwama. Wellington hakutoka kupigana. Kazi hiyo aliiachia njaa. Husifiwa kwa kuokoa askari wake, na kweli aliwaokoa. Lakini njaa ile ilitengenezwa. Wakulima wa Ureno waliamriwa wahame, waharibu chakula wasichoweza kubeba na vinu vyao vya kusagia nafaka. Waliotii walirundikana Lisbon; waliobaki waliporwa na Wafaransa. Makumi ya maelfu ya raia walikufa kwa njaa na maradhi. Je, tumwite mwenye huruma kamanda aliyemtwisha asiye na bunduki mzigo wa vita? Mimi nasita. Mwenye kinu hakuulizwa. Masséna naye hakuondoka mpaka Machi 1811.