MTOTO ALIYEANGUSHWA NJIANI

Masomo: 2 Samweli 4:4; 2 Samweli 9:1-13; Hosea 11:1-4



Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari ya vita ilipofika. Mlezi wake alimbeba na kukimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Sisi watu wa Kivu hatuna haja ya kufafanuliwa maneno haya. Tangu vita ya mwaka 1996 hata leo tumepokea nyumbani mwetu watoto walioangushwa njiani. Wengi miguu yao ni mizima; kilichovunjika ni moyo.

Mtoto wa namna hii anaficha bugali chini ya mkeka. Usiku anapiga kelele. Mlango ukigongwa, anakimbia. Na sisi tulisema nini? Tulisema: «Ni mchawi.» Tukamfungisha kula, tukamchapa fimbo. Ndugu, tulikosa! Mwili wake ulikuwa unakumbuka yale ambayo kinywa chake hakiwezi kusema. Hata sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Je, sheria ituzidi huruma, sisi tunaoitwa wana wa Mungu?

Mungu mwenyewe alifanyaje? Nabii Hosea anatuonyesha: alimshika Efraimu mkono mpaka akajua kutembea, tena akainama amlishe. Kumtembeza na kumlisha: ndiyo dawa.

Mama zetu, kazi hii mnaijua. Mtoto akilia, mnamfunga mgongoni kwa kikwembe, mnakwenda huku na huku mpaka atulie. Huyu naye, hata akiwa na miaka 7, hakubebwa wakati wa kubebwa. Mbebeni. Mwimbieni. Mtwange sombe pamoja naye, mchi wake na wako ipokezane. Baba, mpeleke shambani ukimshika mkono, si kama mtumishi. Mpeni chakula saa ile ile kila siku, ajue kwamba kesho pia atakula. Vijana wa ngoma, mwacheni apige pamoja nanyi. Akirudia hofu yake, msihesabu, anzeni tena.

Daudi hakuponya miguu ya Mefiboshethi. Alimkalisha mezani pake siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Alikuwa kiwete, lakini alikuwa mezani.

Jumapili ijayo, walio na mtoto kama huyo wamlete mbele, si kwa kufukuza pepo, bali tumwite kwa jina lake na kumwambia: Wewe ni wetu.

Amina.