Ushahidi wa Kamera ya Usiku

Fundi anapoitwa Mlandege, mjini Iringa, kuangalia kamera ya nyumbani "isiyoona usiku", mara nyingi huomba ngazi na kitambaa laini kabla ya kuomba bisibisi. Mchana picha ni safi. Jua likizama, skrini hujaa weupe kama ukungu, au kitu king'aacho hupepea mbele ya geti ilhali nje hakuna mtu. Wengine humtaja mwizi, wengine hunong'ona habari za wachawi; fundi anapanda na kuufuta utando wa buibui kwenye kioo cha lenzi. Tukio dogo la namna hiyo lina swali kubwa ndani yake: mtu anayetazama gizani kwa mwanga alioutoa mwenyewe ana haki gani ya kusema "nimeona"? Nashikilia kwamba haki hiyo anayo, ila inakuja na deni. Kabla ya kumshuku mwenzake, yampasa aukague mwanga wake.

Deni hilo linatokana na jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mchana kamera hupokea mwanga wa jua, na kichujio kilicho mbele ya senso huzuia infraredi ili rangi zitoke sawasawa. Giza likiingia, kichujio husogezwa pembeni, na taa ndogo zilizoizunguka lenzi huwaka. Mwanga wake huwa wa nanomita 850 au 940, wakati macho yetu huishia karibu na 700. Ndiyo maana mpita njia hajui kwamba amemulikwa, na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Tangu hapo kinachoonekana ni kile tu kilichourudisha mwanga wa kamera yenyewe. Uzi wa buibui, vumbi la kiangazi, umande wa Juni na Julai katika mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kioo cha dirisha ambacho kamera imewekwa nyuma yake, hata ukuta mweupe ulio karibu mno: vyote huurudisha mwanga kwa wingi na kuifunika picha. Kilicho mbali hupata kidogo, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unaofika hubaki robo. Uso ulio karibu huungua kwa weupe hadi pua na macho havitambulikani, na baadhi ya nguo nyeusi hutoka kama nguo nyeupe.

Katika makosa hayo yote giza halina hatia. Kosa huanzia upande wa mtazamaji, kisha hujitokeza skrini likiwa na sura ya jambo lililotukia nje. Shaka ya binadamu nayo hufuata njia hiyohiyo: aliyekwisha kumdhania kijana fulani wa mtaani atamwona kijana huyo katika kila kivuli, na ataapa kwamba ni kivuli kilichomwambia. Mahakama zetu zililitambua jambo hili zamani. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuhesabu ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho kuwa miongoni mwa ushahidi dhaifu kabisa, ikataka kwanza yaulizwe maswali: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, usiku au mchana, katika mwanga mzuri au hafifu, na je, alimfahamu kabla? Dini nazo zimeweka vizuizi vya namna hiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inakataa shahidi mmoja pekee kumtia mtu hatiani. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inawaonya waumini dhidi ya kudhaniana na kupelelezana.

Atakayepinga atasema mwizi hasubiri falsafa, na anayengoja uhakika ataamka nyumba imebaki kuta. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu yake. Shaka inatosha kabisa kumfanya mtu aongeze kufuli, awashe taa au amwite mjumbe wa nyumba kumi. Haitoshi kulitaja jina la mtu mbele ya wenye hasira. Kufuli lililofungwa bure hufunguliwa asubuhi. Aliyepigwa na umati kwa sababu ya picha yenye ukungu harudishiwi alichopoteza. Kadiri tendo linavyokuwa gumu kulirekebisha, ndivyo ushahidi wake unavyotakiwa kuwa mzito.

Mwingine atasema: Mungu hutuona usiku na mchana, basi asiye na kosa aogope nini kuonwa na kamera? Anayesema hivyo amempa mwenye kamera cheo kisicho chake. Katika imani zetu, Mungu haoni kwa kuakisiwa mwanga. Zaburi ya 139 inamsifu kwa kuwa giza halimzuii, na inamsifu pia kwa kuijua nia kabla neno halijatamkwa. Kamera huona umbo bila nia. Humwonyesha mtu aliyesimama getini saa nane za usiku, isiseme kama anachungulia au anamtafutia mgonjwa gari. Mwenye kuona kidogo hivyo ana sababu ya kunyenyekea kuliko ya kutisha.

Pingamizi lililobaki ni la kiufundi: vifaa vinaboreka, na kesho kasoro hizi zitakwisha. Zitapungua, ni kweli. Hata hivyo dawa mojawapo iliyo bora ipo leo, nayo ni taa ya kawaida nje ya geti, iliyowekwa mbali kidogo na lenzi ili vumbi na buibui wasiakisi moja kwa moja. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 hula takriban sehemu ya kumi ya uniti moja. Picha hupata rangi, uso hutambulika, na kuna faida nyingine isiyotajwa na wauzaji: anayepita anajua yuko mwangani, naye anaona njia. Infraredi humhudumia mwenye nyumba peke yake. Taa ya geti huwahudumia wote wawili, na inampa anayetazamwa nafasi ya kujieleza kwa sura yake halisi. Kwa hiyo mwenye kutaka kuona vizuri usiku na mwenye kutaka kumtendea haki jirani hawahitaji mashauri mawili tofauti. Afute kioo, asogeze kamera mbali na ukuta, awashe taa inayoonekana na wote. Na hata baada ya hayo, jina la mtu lisitajwe mpaka picha ipate shahidi wa pili.