Maji Yaliyo Chini ya Shamba Langu, ni ya Nani?

Liko swali ambalo watu hawaliulizi mpaka kisima kikauke, nalo ni hili: Maji yaliyo chini ya shamba langu, ni ya nani? Mwenye shamba hujibu upesi, “Ni yangu. Ardhi ni yangu, na fedha za kuchimba nimetoa mimi.” Jibu hili laonekana kuwa na haki. Lakini tusilikubali kabla ya kuyafuata maji yenyewe, tuone yatoka wapi na yaenda wapi.

Maji ya juu ya nchi yana mkondo unaoonekana, kwa hiyo wazee waliweza kuyawekea sheria. Huko Kilimanjaro Wachaga walichimba mifereji tangu zamani, wakayavuta maji ya mito mpaka migombani. Aliyesaidia kuchimba na kusafisha mfereji alipata zamu yake, na wazee wa mfereji walizilinda zamu hizo. Mtu akiiba zamu ya mwenziwe usiku, kulipokucha shamba lake lilikuwa limelowa na la mwenziwe kavu. Hapakuwa na haja ya kutafuta shahidi.

Maji ya chini ya nchi hayana shahidi wa namna hiyo. Mvua ikinyesha msituni, sehemu yake hutiririka mtoni, sehemu hurudi hewani, na sehemu hupenya polepole katika udongo na nyufa za mawe. Huko chini hayakai kama maji ya mtungini, kila mtu na mtungi wake. Husafiri, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka mingi, hata yatokee katika chemchemi au kisima kilicho mbali. Masale tuliyopanda mpakani hayayazuii.

Ziwa Chala latufundisha jambo hili vizuri. Ziwa hilo limo katika shimo la volkano ya kale, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya wapita katikati yake. Kina chake chapata mita 90. Hakuna mto wa kudumu uingiao wala utokao, na mvua ya mahali pale ni haba kuliko maji yanayochukuliwa na jua. Hata hivyo ziwa halikauki. Je, lalishwa na nini? Wataalamu walilichunguza jambo hili kwa kupima uzito wa chembe za maji. Mvua inyeshayo juu mlimani huwa na chembe nyepesi kuliko mvua ya chini, na alama hiyo hudumu maji yakisafiri ardhini. Walipolinganisha, walikuta kwamba ziwa hulishwa hasa na mvua iliyonyesha juu, penye msitu, kisha ikapita chini ya ardhi. Hata chemchemi nyingi za chini ya mlima huo zategemea zaidi mvua ya msitu kuliko barafu ya kileleni, ingawa barafu ndiyo iliyopata sifa.

Tena ziwa hilo hutunza kumbukumbu. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoboa tope la chini yake, wakatoa udongo wa urefu wa zaidi ya mita 200, ambao ni kumbukumbu ya miaka ipatayo 250,000. Katika tope hilo yamo matabaka membamba sana, jeupe na jeusi, yakifuatana. Majira ya ukavu na upepo, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, yenye magamba magumu kama kioo, hustawi ziwani, na ikifa huzama na kuacha mstari mweupe. Majira ya mvua huleta mstari mweusi. Ndivyo maji yanavyoandika hesabu ya kila mwaka, hata kama hakuna mtu wa kuisoma.

Sasa tushuke kusini kidogo, mpaka Ziwa Jipe, ambako hesabu ya tope imekuwa hesabu ya watu. Ziwa hili halina kina. Hupokea maji ya mto Lumi utokao Kilimanjaro, na ya mto Muvulani utokao milima ya Upare. Miteremko ikilimwa bila matuta na miti ikakatwa, mvua hubeba udongo. Udongo huo haupotei, hushuka ziwani. Maji hupungua kina, mafunjo na matete husonga mbele, na mvuvi hukosa njia ya kupitisha mtumbwi wake. Mkulima wa mlimani hakumchukia mvuvi huyo, na labda hajamwona maisha yake yote. Je, amemkosea?

Wengine husema, “Kosa ni nia. Asiyekusudia mabaya hana hatia.” Wengine husema, “Madhara ni madhara. Mvuvi mwenye njaa hashibi kwa kuambiwa kwamba haikukusudiwa.” Pande zote mbili zina neno la kweli, lakini hakuna lililotosha peke yake. Mimi nasema hivi: wajibu huanza pale mtu anapojua, na pia pale ambapo angejua kama angeuliza.

Mfano wa jambo hili uko pande za mlima Meru. Huko maji mengi ya ardhini yana madini ya floridi, yanayotoka katika mawe ya volkano. Hayana rangi wala harufu. Mtoto akiyanywa wakati meno yake hayajatoka katika ufizi, meno hutoka yakiwa na rangi ya kahawia, nayo alama hiyo hudumu maisha yake yote. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa, hata miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Basi fikirini mtu mwema anayewachimbia wanakijiji kisima kirefu kwa fedha zake, wala asiyapime maji yake. Nia yake ni safi kabisa. Lakini wema usiopima waweza kuwapa watoto kilema. Zamani mtu angeweza kusema, “Hatukujua.” Leo maji hupimwa, na huko Ngurdoto, karibu na mlima huo, kuna kituo kilichotafuta njia za kuyasafisha, mojawapo ikiwa kuyachuja kwa mifupa ya ng’ombe iliyochomwa. Tangu njia ya kupima ilipopatikana, udhuru ule umepungua nguvu.

Hapo atasimama mtu na kuuliza, “Maskini wa mteremkoni amlishe nani kwanza, mwanawe au mvuvi asiyemjua?” Swali hili si la kudharauliwa. Mtoto mwenye njaa leo hutangulia, wala hatuwezi kumlaumu baba aliyelima mahali pekee alipopata. Lakini mzigo hauondoki kwa sababu maskini hauwezi. Huwaangukia wale wanaoweza. Mwenye pampu kubwa avutaye maji mchana kutwa anadaiwa zaidi kuliko mama mwenye ndoo. Watu wa bondeni wanaofaidi mito inayoshuka safi wanapaswa kuwasaidia wa mlimani kuchimba matuta na kupanda miti, maana hao huwalindia maji. Kila mtu adaiwe kwa kadiri ya anayoyajua na anayoyaweza.

Serikali nayo imesema. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji yatamka kwamba maji yote ni mali ya umma, nayo yamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria hiyo ni njema. Lakini afisa hawezi kusimama penye kila kisima, wala kuona chini ya ardhi ni nani aliyevuta kupita kiasi. Penye giza kama hilo dhamiri ya mtu yapaswa kuwa mzee wa mfereji.

Basi tufanyeje? Kabla ya kuchimba, tuulize walio karibu visima vyao vimekuwaje wakati wa kiangazi. Kabla ya kunywa, tuyapime maji. Penye pampu nyingi, tukubaliane zamu mapema, kabla ugomvi haujaanza. Tusiukate msitu unaoshika mvua, wala tusilime mpaka kando ya chemchemi. Penye mteremko, matuta yakingame, yasishuke na maji.

Naye mwenye shamba aliyesema, “Ni yangu,” tumjibuje? Tumwambie kwamba kazi ya kuchimba ni yake, na haki ya kunywa ni yake. Lakini maji yenyewe yalinyesha mahali asipolima, na yanaelekea mahali asipofika. Kwake yapita kwa zamu, kama katika mfereji wa wazee, na mwenye zamu hujua kwamba nyuma yake yuko mwingine anayengoja.